Barua Mbili za Walter Bishop

Usiku wa Alhamisi, tarehe 15 Aprili 2010, kituo cha televisheni cha Fox cha Marekani kilionyesha sehemu moja ya tamthilia iitwayo Fringe ambayo, japokuwa ilianza kama zilivyokuwa zikianza sehemu nyingi za tamthilia hiyo, yaani kwa vifo visivyo na maelezo na wapelelezi waliosimama juu ya maiti wasijue pa kushika, iliishia mahali ambapo hadithi za namna hiyo hazifiki aghalabu, napo ni ndani ya dhamiri ya mzee mmoja aliyetenda dhambi kubwa kwa mapenzi, akaificha kwa woga, kisha akamwomba Mungu ishara ya kuwa amesamehewa kabla hajathubutu kumtaka radhi yule aliyemkosea. Jina la sehemu hiyo ni White Tulip, kwa ajili ya ua jeupe la tulipu. Waliitunga J. H. Wyman na Jeff Vlaming, akaiongoza Thomas Yatsko. Na miaka mingi imepita tangu ilipotoka, walakini kila ninapoirejea naona kwamba swali lake limebaki wazi vilevile, wala sijaona tamthilia nyingine ya elimu za kubuni iliyoliuliza kwa adabu na kwa ukweli kiasi hiki.

Kisa kinaanza ndani ya behewa la gari moshi la abiria. Mwanamume wa makamo alizuka ghafla katikati ya behewa, pasipo kuonekana akipanda katika kituo chochote, kisha akateremka kwa mwendo wa mtu ajuaye aendako; na nyuma yake abiria wote walikuwa wamekwisha kufa. Hapakuwa na jeraha, wala damu, wala dalili ya sumu. Walikuwa wamekaa vitini mwao vilevile walivyokaa walipokuwa hai, na simu zao na kompyuta zao za mapajani zilikuwa zimeishiwa nguvu sawia na wao. Uhai wa miili na umeme wa betri vilifyonzwa kwa kitambo kimoja na jambo moja, kana kwamba mtu yule alitoza nauli ya safari yake kutoka kwa kila kilichokuwa karibu naye, chenye roho na kisicho na roho.

Fringe ilianza kuonyeshwa Septemba 2008 ikaisha Januari 2013, baada ya misimu 5 na sehemu 100. Waliobuni ni J. J. Abrams, Alex Kurtzman na Roberto Orci, na habari zake ni za kikosi kidogo cha FBI chenye makao mjini Boston, kilichopewa kazi ya kuchunguza matukio ambayo elimu ya kawaida haina jibu lake. Kiungo cha kikosi hicho ni Olivia Dunham, mpelelezi mwenye macho makali na maneno machache. Lakini moyo wake ni Dakta Walter Bishop, mwanasayansi aliyekaa miaka 17 katika hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya msaidizi wake kufa katika moto wa maabara, akatolewa humo kwa sababu wenye akili timamu hawakuwa na pa kuuliza isipokuwa kwake. Maabara yake iko chini ya jengo la Chuo Kikuu cha Harvard, na humo amefuga ng'ombe aitwaye Gene. Hulisahau jina la msaidizi wake mpya, Astrid, siku baada ya siku, akamwita majina ambayo hakupewa na mtu. Hupenda peremende na maziwa. Mtazamaji huanza kwa kumcheka, na kucheka huko huwa ndiyo njia ambayo watunzi wanampitishia mpaka mahali ambapo kicheko hakiwezekani tena.

Kwani Walter ana siri, na mtazamaji aliyefuatana na tamthilia hiyo alikwisha kuambiwa siri yenyewe wiki mbili kabla, katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 1 Aprili na kuitwa Peter, jina la mwanawe. Mwaka 1985 mtoto wa Walter alikufa kwa maradhi ambayo baba yake, pamoja na elimu yake yote, hakuweza kuyatibu. Lakini Walter alikuwa amegundua kwamba upo ulimwengu wa pili, pacha wa huu wetu, nao una Walter wake na Peter wake, na Peter wa huko alikuwa hai bado, akiugua maradhi yaleyale. Na kupitia dirisha alilolitengeneza Walter alimwona mwenzake wa upande wa pili akikaribia kuipata dawa, kisha akaikosa kwa kuvutwa macho kitambo kidogo tu. Basi Walter aliichanganya dawa mwenyewe, akaupasua mpaka baina ya dunia mbili juu ya barafu ya ziwa Reiden, akavuka kwa nia ya kumtibu mtoto kisha arudi. Chupa ya dawa ikavunjika njiani. Hapo akamchukua mtoto avuke naye, ili amtibu huku na kumrudisha kwao. Na mtoto akapona, na mama aliyekwisha kuzika akamkumbatia, na Walter alipouona uso wa mkewe hakuweza tena kumrudisha. Mtoto akakua akidhani ni wao. Dunia ile pacha ikaanza kupasuka kwa kidonda cha mpaka ule, na huku pia mambo yakaharibika. Kila maiti ambaye kikosi kile kinamkuta, kwa njia moja au nyingine, ana nasaba na usiku ule wa barafu.

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na hadithi za upelelezi za Mohamed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapwa mwaka 1960, amezoea kukaa pamoja na Bwana Msa na kiko chake akiivuta siri kidogo kidogo mpaka itoke hadharani, na raha yake ni kwamba mwerevu anamfichua aliyejificha. Katika White Tulip mambo yamepinduliwa. Siri kubwa haiko kwa mkosaji anayesakwa, iko kwa yule anayemsaka. Na wakati Walter anapoinama juu ya maiti wa behewani akitafuta sababu ya vifo vyao, nyumbani ameacha barua aliyokwisha kuiandika ya kumweleza Peter ukweli wote, barua ambayo hana ujasiri wa kuitoa. Olivia anaijua siri hiyo, naye amenyamaza kwa sababu mzee alimsihi. Hivyo upelelezi wa mauaji unakwenda mbele na chini yake unakwenda upelelezi mwingine ambao hakuna aliyeuagiza, nao ni wa kutafuta kama Walter atasema.

Mtu aliyezuka behewani ni Alistair Peck, profesa wa fizikia ya nyota katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT. Kiasi cha miezi 10 kabla ya siku ile, mchumba wake Arlette alikufa katika ajali ya gari, naye tangu hapo hakufanya kazi nyingine ila kutafuta njia ya kurudi nyuma katika wakati amzuie asife. Njia ameipata, na ameipachika mwilini: chini ya ngozi yake umepita wavu wa madini, na watazamaji tunaonyeshwa jinsi alivyojishona na kujichanja kwa mikono yake mwenyewe, kazi ya kuumiza ambayo kamera haikuipamba wala haikuikawilia kupita kiasi. Wapelelezi walipomfikia nyumbani kwake, alinyoosha mkono akagusa chombo kilichomo mwilini mwake, akatoweka. Na papo hapo tukamwona tena behewani, abiria wakafa tena, na Olivia na wenzake wakaja tena kama watu waliofika kwa mara ya kwanza, maana kwao ndiyo mara ya kwanza.

Hapa watunzi walifanya jambo la ufundi ambalo nalistahi sana. Kurudiwa kwa siku moja ni hila iliyotumiwa na wengi, na aghalabu hutumiwa ili shujaa ajifunze ujanja wa kushinda. Katika kisa hiki mwenye kukumbuka si shujaa, ni mtuhumiwa. Na wale tunaowapenda ndio waliosahau. Olivia na Peter, ambaye naye yumo katika kikosi kile, wanapita tena katika njia zilezile kwa maneno yanayokaribiana, wanakosea pale walipopatia, wanapatia pale walipokosea, na mtazamaji anabaki peke yake na Peck katika kujua. Upweke huo wa kukumbuka jambo ambalo kwa wengine halijatokea ndio utakaoibeba hadithi mpaka mwisho wake.

Elimu iliyomo ni ya kubuni, ila haikuokotwa ovyo. Tangu H. G. Wells alipotoa kitabu chake cha mashine ya wakati mwaka 1895, watunzi wamekuwa wakisafiri kwa viti na vioo na magari. Lakini mwaka 1949 Kurt Gödel, mwanahisabati aliyekuwa jirani na rafiki wa Einstein mjini Princeton, alionyesha kwa hesabu kwamba milinganyo ya Einstein yenyewe haikatazi ulimwengu ambamo njia ya msafiri hujipinda na kumrudisha katika jana yake, na tangu hapo wanafizikia hawakuweza kulitupa wazo hilo kwa kulicheka tu. Wavu wa Peck nao unakumbusha kizimba cha Michael Faraday cha mwaka 1836, kile ambacho kikizungushwa madini huyazuia mawimbi ya umeme yaliyo nje yasiingie ndani. Watunzi wamechukua vitu hivyo wakaviongezea sharti moja la haki, kwamba safari ina gharama, na gharama yake hailipwi na msafiri. Kadiri mtu anavyotaka kurudi mbali ndivyo nguvu inavyohitajika zaidi, na nguvu hiyo itatoka katika chochote kilicho hai mahali anapofikia. Kuchupa kwa saa chache kuliua behewa zima. Kuchupa kwa miezi 10 kungeua wangapi?

Peck ana jibu lake, nalo ni la kutisha kwa utulivu wake: akifaulu, wakati utaandikwa upya, na wote waliokufa watakuwa hawakufa. Kwa hoja hiyo anapita baina ya maiti bila kuwatazama. Sidhani kwamba ni mtu katili. Ni mtu aliyekopa damu za watu akiamini kwamba ataweza kuzilipa zote kwa siku moja, na ukweli kwamba hatimaye alizilipa haufuti, kwa maoni yangu, ule wepesi wa moyo aliokopea. Tamthilia haikumhukumu kwa maneno. Ilimletea mtu wa kuzungumza naye.

Kikosi cha polisi kilipoizingira maabara yake pale MIT, Walter aliomba aingie peke yake. Mazungumzo yaliyofuata ndiyo kitovu cha sehemu yote, na kwa kipimo cha televisheni ya matangazo ya biashara, iliyofundishwa kuogopa watu wawili waliokaa wakasema, ni marefu. Walter alianza kwa fizikia: alizitazama hesabu za Peck akaziona zilivyo nzuri, akamstahi kama fundi anavyomstahi fundi. Kisha akaiacha fizikia. Akamwambia mgeni huyu, ambaye anatafutwa kwa mauaji na ambaye huenda akatoweka dakika ileile, habari ambayo hajamwambia mwanawe: kwamba yeye pia aliwahi kukataa kifo cha ampendaye, kwamba yeye pia alikuwa na akili ya kutosha kukikataa, na kwamba tangu siku ile hawezi kumtazama kijana yule machoni bila kuliona kosa lake likimtazama. Akamwonya kwamba naye akimrudisha Arlette atakaa mbele yake maisha yote na uwongo baina yao.

Kisha likaja lile ungamo ambalo kwa ajili yake kisa kimepata jina. Walter alisema kuwa kabla ya kumchukua mtoto alikuwa mtu wa sayansi tupu, asiyemwamini Mungu, na kwamba imani ilimjia pamoja na dhambi, pale alipoanza kuyaona masaibu yaliyomfuata kuwa ni adhabu. Alitubu kimoyomoyo. Akaomba ishara, na ili asijidanganye kwa kuchukua ishara yoyote itakayopita mbele yake, akaitaja kwa sifa zake: ua jeupe la tulipu. Likija, atajua kwamba Mungu amemsamehe. Na ikiwa Mungu ameweza kumsamehe, huenda na mwanawe akaweza. Peck, ambaye imani yake yote iko katika elimu, alimjibu kwa upole wa mtu asiyekubaliana, akimkumbusha kwamba maua hayo yana majira yake na majira yenyewe si haya.

Walter ni John Noble, mwigizaji wa Australia ambaye wengi walimjua kwanza kama Denethor katika filamu ya mwaka 2003 ya The Return of the King. Peck ni Peter Weller, aliyekuwa mtu wa chuma katika RoboCop ya mwaka 1987, na ambaye katika maisha yake halisi ni msomi wa historia ya sanaa za Italia aliyekuja kupata shahada ya udaktari Los Angeles mwaka 2014. Usomi huo unaonekana. Weller hakumwigiza mwanasayansi mwenye wazimu. Aliigiza mtu aliyezoea kusikiliza mwanafunzi mpaka amalize, na nguvu yote ya mazungumzo yale imesimama juu ya jinsi anavyosikiliza. Noble naye anasema polepole, anakata neno katikati, macho yake yanakwenda pembeni kila anapolitaja jina la Peter na kurudi akiisha kulitaja, na mikono yake haina kazi. Mwigizaji huyu hakuteuliwa hata mara moja kuwania tuzo ya Emmy kwa kazi yake katika Fringe. Sina la kusema juu ya waamuzi wa tuzo hizo ila kwamba dakika zile za MIT zipo, na yeyote anaweza kuzitazama akaamua.

Mazungumzo yakakatika kama yalivyotazamiwa, Peck akachupa, na kwa kuchupa kwake mazungumzo yenyewe yakafutika. Hayakuwahi kuwa. Walter yule aliyeungama hayupo tena. Yupo Walter mwingine, wa saa chache kabla, ambaye hajamwona Peck wala hajamwambia neno, na barua yake bado hajaitoa. Aliyebaki na ungamo lile ni Peck peke yake. Nami naona kwamba mtu ambaye mpaka saa ile hakuwa na nafasi moyoni mwake ila kwa Arlette, alitoka katika chumba kile amebeba mzigo wa mtu mwingine.

Alichofanya baadaye kinaelezwa kwa picha chache. Alizipima hesabu zake upya, akachagua pa kufikia: uwanda wa majani, mbali na watu, ili safari yake isimtoze mtu uhai. Akaandika barua. Akachupa miezi ile yote, akafikia uwandani, akakimbia. Mtazamaji aliyezoea hadithi za aina hii anangoja sasa amtoe Arlette garini, amvute, apige kelele, lori lipite patupu. Na kwa muda wa pumzi moja yaonekana kwamba ndivyo itakavyokuwa. Peck alifungua mlango wa gari akaingia, akaketi kando ya mchumba wake, akamwambia kwamba anampenda. Lori likawagonga wote wawili.

Wako watazamaji waliosema kuwa alichelewa, na wako waliosema kuwa alichagua, na picha zenyewe zimeachwa zikubali maana zote mbili. Mimi nasema alichagua, na ushahidi wangu ni ile barua. Mtu anayetarajia kuishi hana haja ya kuacha maagizo kwamba bahasha yake ipelekwe nyumba fulani siku fulani, miezi 10 baadaye, angeipeleka mwenyewe. Peck aliliamini onyo la Walter. Alitambua kwamba Arlette aliyeokolewa kwa njia ile angekuwa naye kama Peter alivyokuwa na Walter, hai na mpenzi na amedanganywa. Basi kadari aliyokuwa akipigana nayo akaikubali, ila hakukubali Arlette akutane nayo peke yake. Na kwa kufa siku ile, alihakikisha kwamba profesa wa baadaye, mwenye wavu mwilini, hatakuwepo kamwe. Abiria wa behewa wakafika makwao wasijue lolote, na wapelelezi wa Boston hawakuwa na kesi ya kuchunguza.

Kwa hiyo siku ile, ambayo sasa haikuwa siku ya msiba wowote, Walter alikuwa nyumbani na barua yake kwa Peter. Aliiangalia. Hapakuwa na mtu wa kumtia moyo wala wa kumvunja. Akaitia motoni, ikateketea. Kisha ikamfikia bahasha kutoka kwa mtu asiyemjua, akaifungua, na ndani mlikuwa na karatasi moja isiyo na neno, imechorwa kwa mkono ua jeupe la tulipu.

Juu ya karatasi hiyo watu wamejadiliana sana. Wengine husema Walter amehadaiwa, maana ishara aliyodhani imetoka mbinguni imetoka kwa binadamu aliyemhurumia, na lau angejua angevunjika moyo. Wengine hujibu kwamba Mwenyezi Mungu hufanya mambo kwa sababu, na kwamba yeye asiyefungwa na wakati hashindwi kumtumia msafiri wa wakati, hata msafiri huyo awe hana itikadi. Nimesoma hoja za pande zote mbili kwa heshima, na upande wa pili nauona una nguvu zaidi, walakini nadhani wote wanalitazama ua wakaisahau ile barua ya kwanza, na majivu yake yamo katika picha ileile.

Masheikh wetu wa pwani hufundisha chuoni kwamba toba ina sharti zake: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia, na ikiwa dhambi yenyewe imegusa haki ya mja, basi lipo sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumtaka radhi. Lililo baina ya mja na Mola wake humalizika kwa Mola wake. Lililo baina ya mja na mja hubaki pale lilipo hata kama mkosaji atasali usiku kucha. Wakristo nao husoma katika Injili ya Mathayo agizo la mtu kuiacha sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, ndipo arudi aitoe. Sijui kama watunzi wa Fringe walikuwa na mafunzo haya mbele yao walipokaa kuandika, lakini kisa chao kimejengwa sawasawa juu yake. Walter alitaka maghufira ya Mungu yamtangulie kama tarishi, yamsafishie njia kwa Peter. Akasahau kwamba mwenye haki ni Peter, aliyenyang'anywa wazazi, na dunia, na jina la kweli la hali yake, na kwamba Peter huyo yuko chumba cha pili, hahitaji ishara wala majira, anahitaji kuambiwa. Ua lilipofika, lilimjibu sehemu ile ya toba ambayo haikumgharimu kitu mbele ya watu. Sehemu iliyomgharimu alikuwa ameichoma.

Simhukumu mzee yule kwa ukali. Ni nani mzazi atakayeweza kukaa mbele ya mwanawe mtu mzima akamwambia, mimi niliyekulea ndiye niliyekuiba? Watunzi walimwonea huruma, na Noble alimwonea huruma zaidi yao, na machozi yake anapoitazama karatasi ile ni ya mtu aliyefunguliwa mnyororo. Lakini hawakumdanganya mtazamaji. Juma moja tu baadaye, tarehe 22 Aprili, katika sehemu iitwayo The Man from the Other Side, Peter aliutambua ukweli kwa akili yake mwenyewe, akamkabili Walter kwa siri aliyofichwa, akaondoka. Msamaha ule wa karatasi haukumzuia hata kwa saa moja, na sidhani kwamba aliyeuchora aliutarajia umzuie. Ua lilimwahidi Walter kwamba Mungu angeweza kumsamehe. Halikumwahidi kitu juu ya kijana.

Ilipita karibu miaka mitatu ya tamthilia, tangu hapo mpaka tarehe 18 Januari 2013, ndipo ua lilipofika lilikotakiwa. Katika sehemu ya mwisho kabisa Walter, akiisha kuusema ukweli wote na kuulipia, aliondoka kwenda katika wakati ujao ambako hakuna kurudi, kwa hiari yake, ili wengine waishi; na barua iliyokuja nyumbani baada ya hapo ilikuwa ya Peter, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa ua lile. Safari hii mpelekaji ni baba na mpokeaji ni mwana. Wako wanaoona kwamba kule kulitumia ua tena ni kutafuta machozi kwa njia fupi. Mimi naona ni deni lililokuwa limeandikwa katika daftari tangu Aprili 2010, na watunzi waungwana wasingeweza kufunga hesabu bila kulilipa.

Msomaji ambaye hajawahi kuitazama Fringe, na ambaye hana nafasi ya kuzipitia sehemu zote 100, namshauri asianze na White Tulip moja kwa moja, kwa maana ataona ajali na ua asijue ni kwa nini mzee analia. Aanze na Peter, ya mwaka 1985 na barafu ya Reiden, apumzike usiku mmoja, kisha aitazame White Tulip bila kukatizwa, simu ikiwa mbali, hasa yanapofika mazungumzo ya maabarani. Na bahasha ikishafunguliwa asizime televisheni kwa kuridhika, bali aende mbele mpaka sehemu ya juma lililofuata, kwani shauri la Peter lilikuwa bado halijasikilizwa.